Saini ya Wifi

Wifi yangu alizaliwa Lupingu, kule chini kando ya Ziwa Nyasa, na alipoletwa Makambako kama bibi harusi alikutana na baridi ya Juni. Kwa siku za mwanzo alishinda jikoni amejifunga blanketi, akisema hajaelewa wazee wetu waliona nini mpaka wakaamua kukaa mahali kama hapa. Mimi wakati huo nilikuwa tayari mwalimu wa sekondari Njombe mjini, nimeolewa, cheti changu kimetundikwa sebuleni. Nilimtazama yule binti aliyeishia darasa la saba nikajiambia kwamba huyu hatanisumbua.

Nilikosea. Sijawahi kumwonea mtu wivu kama nilivyomwonea yeye, na wivu wenyewe ulipanda mpaka juu kabisa mwaka ule wawekezaji wa nje walipokuja kwa mdogo wangu, mumewe, kutafuta kitu cha kushika rehani.

Lakini kwanza kuna habari ya kiwanja.

Mimi na mume wangu, kabla hatujapata hata mtoto wa kwanza, tulinunua kiwanja Makambako, nje kidogo ya mji, kando ya barabara kuu ya malori yanayokwenda Zambia. Hakikuwa kiwanja kizuri. Kilikuwa na mteremko, na mvua ikinyesha maji yalikikata katikati kama kisu. Lakini kilikuwa chetu. Nilikwisha kujenga nyumba kichwani: mlango utazame wapi, dirisha la jikoni likae upande gani ili jua la asubuhi liingie. Basi Jumapili moja, tulipokuwa tunatoka ibadani, wifi yangu alinishika mikono yote miwili akasema, "Wifi, tunawashukuru sana kwa kile kiwanja. Mungu awabariki."

Nikamwuliza, "Kiwanja gani?"

Ndivyo nilivyojua kwamba mume wangu amemwuzia mdogo wangu. Walikwenda wenyewe kwa mtendaji, wakaandikishiana, wakapeana mikono. Mume wangu alitaka pikapu. Aliipata pikapu ambayo ilikwisha kufa huko ilikotoka, ikaja kufa tena kwetu, na mpaka leo ipo nyuma ya nyumba, kuku wanatagia kwenye kiti cha dereva. Nilipomwuliza kwa nini hakunishirikisha alinijibu, "Sijamwuzia mtu baki. Ni mdogo wako." Alikuwa anakula, akaendelea kula.

Mdogo wangu ni mchapakazi, siwezi kumnyima haki yake. Alikipima kile kiwanja, akakitafutia hati, akasawazisha ule mteremko na kujenga banda la kufungashia parachichi. Watu wa nje walipoanza kuyataka parachichi ya huku juu, yeye alikuwa yuko barabarani tayari. Wakulima wa Kichiwa na vijiji vya jirani walimletea, akina mama wakachambua na kupanga kwenye kreti, malori yakapanga foleni nje. Kila nilipopita pale kwa basi nikienda Iringa nilipata kazi ya ghafla ya kutazama dirisha la upande wa pili.

Alichokosa ni chumba cha baridi cha maana. Matunda yalikuwa yanasafiri siku nyingi kabla ya kupanda meli, na mengine yalifika yamelainika. Mmoja wa wanunuzi wake huko Ulaya akamkutanisha na kampuni ya wawekezaji wanaokopesha biashara za kilimo Afrika. Walizipenda hesabu zake, wakakubali. Ila nao wakauliza lile swali la kila mkopeshaji, awe wa mtaani au wa ng'ambo: ukishindwa, sisi tutashika nini?

Siku walipokuja kuangalia, mdogo wangu aliniomba niwepo kwa ajili ya Kiingereza. Walikuwa wawili. Mmoja alikuwa mwanamke wa Kizungu, mrefu, amevaa viatu vya kupandia mlima kana kwamba Makambako ni Kilimanjaro. Mwingine alikuwa wakili wao kutoka Dar es Salaam, kijana mtanashati, ananukia vizuri, anapangusa vumbi kwenye suruali kila baada ya hatua chache. Kumbe Kiingereza changu hakikuhitajika. Yule kijana alitafsiri mwenyewe, haraka na kwa ufasaha, nami nikabaki kutembea nyuma yao kama mgeni wa mgeni.

Yule mama wa Kizungu aliuliza kila kitu ni cha nani. Mashine ya kuchambulia ni ya kampuni au ya mtu? Na lori lile? Na kreti? Haya matunda yaliyomo bandani leo, wakulima wamekwisha kulipwa au bado? Mimi nilidhani kuweka rehani ni kuweka nyumba, basi. Nikamwuliza wakili mbona wanahesabu mpaka makasha ya plastiki. Akanieleza kwa upole kwamba dhamana huchukuliwa kwa mafungu. Ardhi ni fungu lake, vitu vya kuhamishika ni fungu lao, na hata fedha ambazo wanunuzi wa Ulaya watailipa kampuni siku zijazo ni fungu jingine. Kila fungu linasajiliwa mahali pake. Usiposajili, akasema, anaweza kuja mkopeshaji mwingine akakutangulia kwenye foleni.

"Na mashamba ya Kichiwa?" yule mama akauliza, na wakili akatutafsiria.

Mashamba ya Kichiwa ni ya baba yetu. Ukoo ulikaa ukampa mdogo wangu yote, mimi nikapewa pole ya kufiwa. Wakili akatikisa kichwa. Ile ni ardhi ya kijiji, alisema, ina taratibu zake, na wateja wake kama wageni hawataki kuigusa. Waiache.

Kwa muda nilijisikia vizuri sana. Ekari zote zile walizoninyima, mbele ya watu hawa hazikuwa kitu. Halafu wakili akageuka, akalitazama banda, ile sakafu ya saruji iliyolala juu ya mteremko wangu, akasema, "Mali yenyewe ni hii." Furaha yangu ikakatikia hapo hapo.

Kutoka bandani tulikwenda nyumbani kwa mdogo wangu, Kitandililo. Ni nyumba nzuri, ina baraza pana na hati yake pia. Wifi yangu alitukaribisha kwa chai na viazi vya kuchemsha, akawa anaingia na kutoka. Alipokuwa anamimina kikombe cha mwisho, wakili alisimama, akakigeuza kiti chake akamwelekea yeye, akaketi tena.

"Mama," alisema, "naomba ukae kidogo. Wateja wangu wangependa nyumba hii iingie kwenye rehani pamoja na banda. Kwa hiyo tunahitaji ridhaa yako."

Wifi yangu akaishusha birika. "Ridhaa yangu mimi?"

"Ndiyo, mama. Sheria inataka mke aulizwe, tena aelewe anachokubali. Bila saini yako hatuwezi kwenda mbele. Na ninakushauri umtafute wakili wako mwenyewe akueleze. Asiwe mimi, kwa sababu mimi nawafanyia kazi wao."

Yule mama wa Kizungu hakuwa anaelewa Kiswahili, lakini alijua mazungumzo yamefika sehemu gani, maana aliweka kikombe chini na kumtazama wifi yangu kwa adabu, namna unavyomtazama mtu mwenye funguo za ofisi uliyosafiri mbali kuifikia.

Mimi nilikuwa kwenye kochi la pembeni. Wivu ulinipanda mpaka kwenye masikio, moto kabisa, nikajifanya nakohoa. Watu wamevuka bahari na fedha zao, wana mawakili, wana benki, na wote wamesimama mlangoni pa mwanamke wa Lupingu wanasubiri aseme ndiyo. Mimi kiwanja changu kiliondoka wakati nipo darasani nafundisha, na hakuna aliyenigeuzia hata kiti.

Wifi yangu alifikiri, kisha akasema, "Nimesikia. Nitawajibu." Akachukua birika akarudi jikoni.

Zikapita wiki. Asubuhi moja ya ukungu mdogo wangu alinifuata shuleni Njombe, amebeba kreti ya parachichi, jambo ambalo hulifanya akiwa na shida. Tulisimama kwenye veranda ya ofisi ya walimu.

"Dada, nakuomba uzungumze na mwenzako," alisema. "Wazungu wananipigia simu kila siku."

"Amekataa?"

"Hajakataa. Anasema anafikiri. Nikitoka anafikiri, nikirudi anafikiri."

"Wewe ulitaka asifikiri?"

Alinitazama kwa uchovu. "Dada, wewe ni mwalimu. Wewe atakusikiliza."

Nilikubali haraka kuliko alivyotarajia. Nilitaka kwenda. Nilitaka kuona mtu anakuwaje akiwa na kitu kama kile mkononi.

Jumamosi nilimkuta wifi yangu uani amekaa kwenye kigoda, anachambua dagaa walioletwa na ndugu zake kutoka ziwani. Amewaanika juu ya mkeka, anawatoa mchanga na majani, dagaa mmoja mmoja, bila haraka. Tuliamkiana, nikavuta kigoda changu, nikaanza kuchambua naye. Nilikuwa nimeandaa maneno njiani, maneno mazuri kuhusu maendeleo ya familia. Sikupata nafasi ya kuyasema.

"Umetumwa," alisema.

"Nimetumwa."

"Haya. Ungekuwa wewe, wifi, ungesaini?"

"Ningesaini siku ile ile," nikasema. "Ningesaini kwa furaha ya kuulizwa tu."

Aliacha dagaa akanitazama. Hakucheka, ingawa nilidhani atacheka. Nadhani alikuwa anakumbuka ile Jumapili nje ya kanisa, sura yangu niliposema kiwanja gani.

"Baba yangu aliweka mtumbwi rehani," alisema baadaye. "Ulikuwa mkubwa, wa mbao, alitaka apate injini. Akauweka kwa mfanyabiashara wa pale pale kijijini. Msimu ule samaki wakawa wa shida. Yule bwana akaja na vijana, wakausukuma majini, wakaondoka nao. Tulikuwa tunamjua huyo bwana. Mama alikwenda kwake akalia, akaambiwa maneno, lakini alikuwa na mtu wa kumlilia. Sasa hawa, wifi. Wakija kuchukua, mimi nitakwenda kumlilia nani? Nitalilia simu?"

Nikamwambia ndiyo sababu ameambiwa atafute wakili. Akasema anajua, ila hajawahi kuingia kwenye ofisi ya wakili na anaogopa atazungumzishwa lugha asiyoijua. Je, ningemsindikiza?

Tulikwenda kwa wakili mmoja wa Njombe, mama wa makamo mwenye ofisi juu ya duka la pembejeo, ngazi zake zinanuka mbolea. Alizungumza Kiswahili cha kawaida na hakuwa na haraka. Wifi yangu alimwuliza maswali niliyokuwa sijawahi kufikiri kuyauliza.

"Hawa wakishindwa kulipwa, wanaichukua nyumba inakuwa yao?"

"Hapana," wakili alisema. "Mgeni hawezi kujichukulia ardhi ya nchi hii ikawa yake hivi hivi. Ndiyo maana wameomba benki moja ya Dar es Salaam iishike rehani kwa niaba yao. Mumeo akishindwa, benki inatoa taarifa kwanza, inampa muda. Muda ukipita inaweza kumweka meneja wake aiendeshe biashara, au kuuza. Ikiuza, inawapelekea fedha."

"Kwa hiyo mzungu hatakuja kulala chumbani kwangu."

"Hatakuja. Atakayekuja ni aliyenunua kwenye mnada. Anaweza akawa mtu wa Makambako hapa hapa."

"Huyo ndiye mbaya zaidi," wifi yangu alisema. "Nitamkuta sokoni."

Wakili alicheka kidogo, halafu akamweleza jambo lililoamua kila kitu. Banda na nyumba ni hati mbili. Anaweza kuridhia moja na kukataa ya pili. Hakuna sheria inayomlazimisha akubali yote kwa pamoja kwa sababu tu mkopeshaji ameomba yote kwa pamoja.

"Basi banda nasaini," wifi yangu alisema. "Nyumba sisaini."

"Wanaweza kuahirisha mkopo."

"Waahirishe."

Alilisema bila kupaza sauti, huku anaifunga kanga yake vizuri kiunoni. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma yake nimemshikia mkoba. Cheti changu chote kile, na kazi niliyopewa siku ile ilikuwa kushika mkoba. Tulipokuwa tunashuka ngazi nilimchukia kwa muda, halafu nikamnunulia soda.

Hawakuahirisha. Walilalamika, mdogo wangu naye akalalamika, nyumbani kwake hapakusemwa neno tamu kwa siku kadhaa. Mwishowe wakasema nyumba wanaiacha, lakini mahali pake ziwekwe hisa za mdogo wangu kwenye kampuni yake, na fedha za wanunuzi wa nje zipite kwanza kwenye akaunti wanayoiona wao. Mashine, lori, kreti, matunda yatakayokuwamo bandani siku yoyote ile, vyote vikaandikwa. Wifi yangu akaenda kwa yule mama wa juu ya duka la pembejeo, akaandika jina lake chini ya ridhaa ya banda. Aliandika polepole, herufi kubwa, akapuliza wino.

Nilidhani yameisha. Nilikuwa nasahihisha madaftari simu ilipolia. Alikuwa wakili wa Dar es Salaam.

"Mwalimu, shikamoo. Kuna jambo dogo tu," alisema. Walipokuwa wanafuatilia historia ya kiwanja cha banda, waliona kwamba aliyemwuzia mdogo wangu alikuwa na mke wakati anauza, na hakuna mahali panapoonyesha kwamba mke huyo aliridhia. Wateja wake hawapendi kushika kitu ambacho kesho anaweza kutokea mtu akasema ni changu. "Tunahitaji saini yako, mwalimu. Bila hiyo fedha hazitoki."

Nilimwambia nitakuja. Nikaikata simu, nikakaa. Nikamsahihishia mwanafunzi mmoja jibu lililokuwa sahihi nikampa kosa, ikabidi nirudie.

Tulikutana kwenye ofisi ndogo iliyo ndani ya banda. Alikuwapo wakili, alikuwapo mdogo wangu, na mume wangu, aliyetakiwa aje kwa kuwa ndiye muuzaji. Wifi yangu alileta chai. Nilivaa gauni langu la sherehe za shule. Wakili, sijui kama alikumbuka au ni tabia yake, alikigeuza kiti akanielekea. Nakiri kwamba nilikifurahia kile kiti. Nilikaa wima kama niko kwenye picha.

Kisha akanipa kiapo nikisome. Kilisema kwamba mimi, mke wa muuzaji, sina na sijawahi kuwa na haki wala madai yoyote juu ya kiwanja hiki.

Nilikisoma mara ya pili. Nje akina mama walikuwa wanapanga matunda na kuzungumza Kibena. Wifi yangu walikuja kumwomba aachilie kitu kwa sababu kilikuwa chake. Mimi nimeitwa niape kwamba sikuwahi kuwa na kitu.

Nilitoa kalamu yangu nyekundu kwenye mkoba. Sikuwa na nyingine. "Wakili, hapa pameandikwa 'sijawahi'. Hilo si kweli."

"Ni maneno ya kawaida, mwalimu. Ndivyo tunavyoyaandika."

"Tulikinunua wote wawili. Kikauzwa mimi sijui. Unataka niape kwa Mungu kwamba hayo hayakutokea?"

Mdogo wangu akasema taratibu, "Dada, tafadhali." Mume wangu alikuwa anaisoma kalenda ya ukutani, kalenda ya mwaka uliopita.

Wakili akasema wateja wake wataogopa wakiona imeandikwa kwamba sikuulizwa. Nikamwambia waogope, lakini mimi ninafundisha watoto wasiandike uongo na sitaandika wa kwangu mbele ya mume wangu. Niko tayari kuridhia. Niulizwe, nami niridhie. Wifi yangu alikuwa amesimama mlangoni na sinia tupu, hakuondoka.

Kijana yule alitoka nje na simu yake. Tulimwona kupitia dirishani akizunguka kati ya kreti, anaongea Kiingereza, anapangusa suruali. Aliporudi uso wake ulikuwa umebadilika. Alisema wakili mwenzake huko Ulaya ameona ni afadhali hivyo. Kiapo cha uongo kinaweza kuja kuvunjwa mahakamani na rehani yote ikayumba. Ukweli ukishaandikwa, na juu yake ridhaa ikawekwa, hakuna wa kuutikisa. Akakaa na kompyuta yake, akaandika upya: kwamba kiwanja kilikuwa mali yetu ya ndoa, kwamba kiliuzwa bila ridhaa yangu, na kwamba leo, kwa hiari yangu, nauridhia uuzaji ule. Na chini yake sehemu ya mume wangu, akikiri kwamba ndivyo ilivyokuwa.

Mume wangu aliombwa asaini kwanza. Alisoma kwa muda mrefu. "Hapa," alisema, "pangeweza kusemwa vizuri zaidi."

"Paseme wewe," nikamwambia.

Akasaini. Mimi nikasaini baada yake, kwa kalamu ya wakili maana nyekundu ilikataliwa.

Kurudi Njombe tulikaa kiti kimoja na mume wangu, na tulipokaribia mjini akasema, "Ningekuuliza, ungekataa." Nikamwambia, "Ndiyo." Akasema, "Basi." Ni mazungumzo marefu kuliko yote tuliyowahi kuwa nayo kuhusu kiwanja.

Ningependa kuandika kwamba wivu uliniisha pale. Haukuisha. Chumba cha baridi kilijengwa, kikubwa, cheupe, na wifi yangu, yule yule wa blanketi la Juni, akawa ndiye mwenye ufunguo wake. Alikuwa anaingia mle amevaa koti zito kama mtu wa ncha ya dunia. Nilipofikiri juu ya saini zetu mbili niliona tofauti yake vizuri. "Hapana" yake ilibakiza nyumba. "Ndiyo" yangu ilitoa kitu kilichokwisha ondoka zamani.

Misimu ya kwanza ilikwenda vizuri. Halafu ukaja msimu mbaya: mizigo ilikwama bandarini, matunda yakafika Ulaya hayafai, wanunuzi wakakata malipo. Na hayo malipo kidogo yalipita kwanza kwenye ile akaunti, wakopeshaji wakachukua chao, mdogo wangu akabakiwa na wakulima mlangoni. Taarifa ikaja kutoka benki ya Dar es Salaam. Muda aliopewa ukapita. Akaja meneja aliyewekwa na benki, bwana mpole mwenye miwani, akakalia kiti cha mdogo wangu na kuanza kuhesabu kila kilichoandikwa, mashine, kreti, mpaka mizani.

"Dada," mdogo wangu alinipigia, "leo nimeomba ruhusa nifunguliwe stoo yangu mwenyewe."

Nilimwonea uchungu wa kweli. Nilimbeba mgongoni yule. Nikapanda basi siku hiyo hiyo, nikitarajia kukuta nyumba yenye msiba. Nilimkuta kakaa barazani Kitandililo, amevua viatu, anakula ugali na samaki wa ziwani. Hakuna aliyekuja kuihesabu baraza ile. Watoto walikuwa wanafanya kazi za shule mezani. Alimwambia mkewe, mimi nikiwapo, "Ungenisikiliza, leo tungekuwa tunatafuta pa kupanga." Wifi yangu akamwongezea mboga. Nami niliyekuja kufariji watu nikashika sahani yangu na kusikia ule moto ukipanda tena, kwa sababu mume wangu hajawahi kuniambia sentensi kama ile.

Meneja alikaa mpaka msimu uliofuata, akasimamia mavuno, na mavuno yakawa mazuri. Wakopeshaji hawakuuza banda. Walimrudishia mdogo wangu kiti chake, pamoja na masharti mengine machache, na rehani bado ipo, itakuwapo mpaka deni liishe. Ameota mvi upande mmoja wa kichwa, lakini malori yanaendelea kupanga foleni.

Mwezi uliopita wifi yangu alikuja Njombe hospitali kupima macho, akapitia kwangu. Tulikaa jikoni karibu na jiko la mkaa, ukungu umeshuka mpaka kwenye madirisha. Aliangalia madaftari yaliyorundikana, akaangalia kile cheti, ambacho siku hizi kimehamia kwenye korido, karibu na mlango wa jikoni.

"Mimi nakuonea wivu, wifi," alisema.

Nilidhani sijasikia. "Mimi?"

"Wewe. Kule kwetu kila kitu kina mwenyewe mwingine. Nikishika kreti, ni ya benki. Parachichi likianguka chini, ni la benki. Wewe mshahara wako unaingia, ni wako. Hakuna mzungu anayeweza kuuwekea mkono."

Angekuwa mtu mwingine ningemweleza namna walimu tunavyokopa, na namna mshahara unavyokatwa kabla haujatufikia, sehemu yake ikiwa imekwisha ahidiwa kwa miaka mingi mbele. Nilifungua mdomo nimweleze. Lakini alikuwa ananitazama kwa macho yale ninayoyajua vizuri, kwa sababu ni yangu, na hakuna mtu aliyewahi kunitazama nayo.

Nikamwongezea chai.